Siku 236 kabla, siku 94 baada: safari ya bango moja

Jina la mkutano naliacha, maana nina ya kuulalamikia, na walioniandalia nafasi ni watu wema. Ulikuwa mkutano wa informatiki ya afya, yaani elimu ya kutunza na kutumia taarifa za wagonjwa kwa kompyuta, wa siku nne, katika nchi mojawapo ya Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa uzamivu. Daftari hili nililianza ili nisipoteze risiti, mengine yakajiandika yenyewe. Siku nazihesabu kuanzia asubuhi ya ufunguzi, kwa sababu kwa mwanafunzi asiye na fedha, kupanda ndege ni katikati ya safari.

Siku ya 236 kabla

Andiko langu la utafiti nimelituma kwa waandaaji saa tisa usiku. Tarehe ya mwisho ilihesabiwa kwa saa za "popote duniani", yaani UTC−12, saa za eneo linalochelewa kuliko yote, kwa hiyo karibu kila mtu hujikuta na saa kadhaa za nyongeza. Nilizitumia zote.

Kurasa 5 kuhusu jambo ambalo karani yeyote wa masjala ya hospitali analijua: mgonjwa mmoja mwenye mafaili mawili. Leo kaandikwa Rashidi, miezi mitatu baadaye, dirisha lingine, karani mwingine, kaandikwa Lashidi. Kompyuta inaona watu wawili. Mzio wa dawa uko kwenye faili la kwanza, dawa inaandikwa kwenye la pili.

Siku ya 131 kabla

Majibu. Mhakiki wa kwanza kaandika mistari miwili, sina hakika kama alifika ukurasa wa tatu. Wa pili kanichambua ukurasa mzima, na hakunionea. Uamuzi: nipunguze ziwe kurasa 2 na nije na bango, karatasi kubwa ya ukutani inayoeleza utafiti, mwenyewe nikisimama kando kujibu maswali.

Nilishangilia mpaka nikafika chini kabisa ya barua, pale panapoandikwa mambo kwa herufi za kawaida zisizokolezwa. Angalau mwandishi mmoja awe amejisajili na kulipa ada kabla ya tarehe waliyoitaja, la sivyo andiko linatolewa katika kitabu cha mkutano. Nikafungua kalenda. Siku ya mwisho ya kulipa ni ya 76 kabla. Nikafungua ukurasa wa ufadhili wa wanafunzi. Majina ya waliopata yatatangazwa siku ya 62 kabla. Nikarudia kuhesabu kwa vidole, nikidhani nimekosea.

Siku ya 118 kabla

Nimekaa na msimamizi wangu. Ni profesa, lakini sote tunamwita Mwalimu, na nadhani angeudhika tukimwita vingine.

"Vyungu viko vinne," alisema, "na kila kimoja kina mfuniko wake." Chuo hutoa fedha za safari mara moja kwa mwanafunzi katika miaka yote ya uzamivu, na hazifiki gharama za safari nzima. Mradi wake wa utafiti una fedha, lakini kifungu cha safari kiliandikiwa wakusanya takwimu, na mfadhili hakubali kifungu kihamishwe bila barua ambazo hujibiwa kwa miezi. Chama chenye mkutano kina mfuko mdogo wa wanafunzi. Cha nne ni kujitolea: unasimama mlangoni, unapeleka vipaza sauti, unasamehewa sehemu ya ada.

Nikamwambia labda nisubiri mkutano mkubwa zaidi. Akacheka. Ule mkubwa kabisa wa fani hii, MEDINFO, ulianza Stockholm mwaka 1974 na ulikuwa ukifanyika kila baada ya miaka 3 hadi ule wa Copenhagen wa 2013. Tangu hapo ni kila miaka 2: São Paulo 2015, Hangzhou 2017, Lyon 2019, kisha wa 2021 ukafanyika mtandaoni, halafu Sydney 2023. "Uzamivu wako ni miaka mingapi? Mwaka wa kwanza huna matokeo. Mwaka wa mwisho huna usingizi. Ukiukosa mmoja kwa ajili ya nauli, unaofuata utakukuta ukijiandaa kutetea tasnifu." Yeye aliupata ule wa Cape Town mwaka 2010, wa kwanza kufanyika Afrika, tangu 1974, hebu fikiri, na aliupata kwa sababu mtu mmoja alimlipia ada kimyakimya. Hakusema nani.

Siku ya 97 kabla

Barua ya kuomba ufadhili. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Mimi ni mwanafunzi nisiye na uwezo wa kugharimia safari hii." Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja mrefu, na pembeni akaandika: *Wanajua. Kila aliyeomba hana. Waambie wenzako watapata nini ukiwa umesimama pale.*

Nimeiandika upya mara tatu. Iliyokwenda inaanza na majina mawili, Rashidi na Lashidi, na misimbo yao. Soundex, kanuni ya kukutanisha majina yanayotamkwa karibu sawa, ambayo asili yake ni hataza ya Robert Russell ya mwaka 1918, huligeuza jina kuwa herufi yake ya kwanza na tarakimu tatu. Rashidi anakuwa R230. Lashidi anakuwa L230. Tarakimu ni zilezile, ila herufi ya kwanza haiguswi, basi hawa wawili hawatakutana milele. Hassan ni H250, Asani ni A250, hadithi ni ileile. Kanuni ilitungwa kwa masikio ya watu wengine, na bado imo ndani ya mifumo inayotumika leo. Nikaongeza kwamba nitakuja na orodha ya jozi za majina zilizohakikiwa na makarani wenyewe, na yeyote atakayefika kwenye bango langu ataondoka nayo.

Jedwali la gharama nalo limenila siku nzima. Wengi huandika "usafiri" na tarakimu moja kubwa. Nimetenganisha: ada, tiketi, viza, bima, malazi kwa usiku, basi la kutoka uwanjani, uchapaji wa bango. Kila mstari na ushahidi wake. Kama kamati itakata, ikate ikijua inakata nini.

Siku ya 77 kabla

Kesho ndiyo mwisho wa kulipa ada. Matokeo ya ufadhili ni wiki mbili zijazo. Nimewaandikia waandaaji nikiomba wanisubirie. Jibu lilikuja ndani ya saa moja, la adabu na la haraka, kwamba kanuni ni sawa kwa waandishi wote.

Shemeji yangu aliniahidi, kisha mtoto wake akaugua. Sikumlaumu.

Jioni nilimpitia Mwalimu ofisini nimwambie nitaliondoa andiko. Hakusema neno. Akatoa kadi yake ya benki, akanigeuzia kompyuta: "Jaza." Nikajaza, mikono ikinitetemeka kwenye tarakimu za mwisho. Ukurasa ulipotoa stakabadhi, akavuta droo, akatoa kidaftari chembamba cha jalada la bluu, akaandika jina langu, tarehe na kiasi, akakirudisha. Nilimwona akiandika ila sikuona ukurasa una nini kingine.

Siku ya 61 kabla

Wamechelewa siku moja, lakini nimepata! Ada na malazi ya usiku 5, kwa sharti la kujitolea kwa jumla ya saa 8 ukumbini. Sehemu ya tiketi italipwa na chuo, iliyobaki ni yangu.

Aya ya tatu ya barua: fedha zitarejeshwa ndani ya siku 60 baada ya mkutano, kwa kuwasilisha stakabadhi halisi zenye jina la mfadhiliwa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimeketi. Ili nipewe fedha kwa kuwa sina, sharti kwanza niwe nazo. Fomu ya chuo nayo ina aya hiyohiyo, neno kwa neno, kana kwamba wahasibu wote wa dunia walisoma darasa moja.

Siku ya 41 kabla

Viza. Ombi la viza ya Schengen halipokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida lisiwe chini ya siku 15. Uamuzi huchukua siku 15, ila unaweza kusogea hadi 45. Nafasi ya miadi iliyokuwepo ilikuwa ya leo. Hesabu ni wewe uifanye.

Nilikuwa na kila karatasi: barua ya mwaliko, ikisiri iliyokubaliwa, bima ya safari yenye kufidia matibabu hadi euro 30,000, oda ya ndege, oda ya chumba, taarifa ya benki yangu, ambayo niliipitisha dirishani nikiangalia pembeni. Afisa aliyekuwa nyuma ya kioo alisoma barua ya ufadhili taratibu, akaweka kidole kwenye aya ya tatu.

"Hapa wanasema watakurejeshea."

"Ndiyo."

"Sasa nani analipa kwanza?"

Katika mlolongo wote, kamati ya mkutano, kurugenzi ya uzamili, uhasibu, huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza. Wala hakuniuliza kwa ubaya. Nimerudishwa nikalete barua ya mdhamini na taarifa ya benki ya huyo mdhamini.

Siku ya 34 kabla

Nimerudi na karatasi za Mwalimu ndani ya bahasha iliyofungwa. Sijaifungua. Kuna mambo ya mwalimu wako usiyopaswa kuyajua.

Siku ya 9 kabla

Pasipoti imetoka, viza ya siku zilezile za mkutano na chache za ziada. Tiketi niliyoishikilia kwa oda ilikwisha muda wake, na iliyopo sasa imepanda kwa karibu theluthi. Chuo kimeshaidhinisha bei ya zamani. Tofauti ni yangu. Sitaandika zaidi leo.

Siku ya 2 kabla

Bango nimelichapisha kwenye kitambaa, linakunjwa kama shuka na kuingia mkobani. Karatasi ya A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9, ukiiviringisha unabeba bomba ambalo kila shirika la ndege lina maoni yake juu yake. Nimelisimamisha wima, kwa sababu maelekezo, ukurasa wa mwisho, yanasema mbao zina upana wa sentimita 90.

Siku ya kuamkia ufunguzi

Ndege mbili, usiku mmoja viti vya kituo cha kubadilishia. Nimeweka vipande vya tiketi ndani ya kifuko cha plastiki, nikakichomeka kwenye kurasa za daftari hili. Chumba tunagawana na dada mwingine aliyepata ufadhili uleule. Tulipofika mapokezi yeye ndiye aliyekuwa na kadi iliyokubalika, akalipa, nikampa nusu yangu taslimu. Tulichoka. Hatukuwaza.

Siku ya 1

Kabla ya ufunguzi palikuwa na kikao cha wanafunzi wa uzamivu: watu wachache, meza moja, kila mmoja anaeleza utafiti wake na wazee wawili wa fani wanamuuliza. Mmoja wao aliniuliza swali ambalo sikulipenda: "Kosa unalolitafuta ni la tahajia. Je, una hakika kosa ni la tahajia?" Nikajibu kwa kujiamini kuliko nilivyokuwa.

Mchana nilianza saa zangu za kujitolea. Kazi: kuhesabu watu wanaoingia ukumbi namba mbili kwa kibonyezo cha mkononi. Mada zote za viwango vya kubadilishana taarifa nilizisikia kutokea mlangoni, nusunusu.

Siku ya 2

Siku ya bango.

Kulia kwangu kijana kachapisha bango la kulala. Mbao ni sentimita 90, kitambaa chake kimezidi pande zote mbili, safu ya matokeo imefunika namba ya bango langu na ya utangulizi imemfuata jirani wa pili. Tulikunja pembeni kwa pini. Alikuwa karibu kulia, kisha tukacheka sote.

Kushoto kwangu mwanafunzi kutoka Marekani, utafiti wake ni kuhusu madaktari wanavyofunga maonyo ya dawa kwenye skrini bila kuyasoma. Tulipozungumza habari za fedha, kwa kuwa wanafunzi wakikutana hawana mazungumzo mengine, alinishangaa. Yeye yuko kwenye programu ya mafunzo inayolipiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi yake, NLM, ambayo imekuwa ikigharimia mafunzo ya informatiki tangu mwaka 1972. Safari yake ya mkutano iliandikwa kwenye bajeti kabla yeye mwenyewe hajachaguliwa. "Nilituma jina la ndege niitakayo," alisema, "wakanunua." Hakuwa akijisifu. Kwake safari ni sehemu ya mafunzo kama vitabu, na bajeti yao inaitambua hivyo tangu siku ya kwanza. Kwangu ni hisani, nayo huombwa kila mara upya.

Saa ya kwanza walinipitia watu wengi, wakapiga picha, wakaenda. Kisha akaja bwana mmoja wa makamo, kitambulisho chake kimegeuka nyuma mbele, akasimama mbele ya jedwali la jozi za majina bila kusema kitu. Alisimama muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya. Akaweka kidole kwenye mstari wa Hassan na Asani.

"Huyu wa pili, nani alimtaja?"

Sikuelewa. Nikamweleza kuhusu herufi H. Akatikisa kichwa. Alikuwa karani wa masjala miaka mingi kabla hajahamia kwenye mifumo, na alichotaka kujua ni nani alikuwa amesimama dirishani. Mgonjwa akija kwa miguu yake anataja jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, mtaa wake. Akija hoi, anatajwa na aliyemleta: shangazi, jirani, dereva. Shangazi analijua jina la nyumbani. Mwaka anaukisia. Mtaa anautaja ule wa familia.

"Kwa hiyo," nikasema polepole, "havikosewi kimoja kimoja."

"Vinakosewa kwa pamoja."

Hapo nilihisi sakafu imesogea. Njia ninayotumia inatokana na watakwimu Fellegi na Sunter, andiko lao la mwaka 1969: kila sehemu, jina, tarehe, makazi, inapewa uzito wake, uzito unajumlishwa, jumla ndiyo inayoamua kama mafaili mawili ni ya mtu mmoja. Katika umbo lake linalotumika sana, huchukuliwa kwamba sehemu hizo hukosewa kila moja kivyake. Sehemu tatu zikitofautiana, mashine inasema hawa ni watu wawili, na inalisema kwa uhakika mkubwa. Lakini ikiwa zimetofautiana kwa sababu moja tu, kwamba aliyekuwa dirishani ni mwingine, basi uhakika wote huo ni wa bandia. Halbert Dunn, aliyeanza kutumia istilahi ya kuunganisha kumbukumbu (record linkage), yaani mafaili ya mtu mmoja, mwaka 1946, alifananisha maisha ya mtu na kitabu ambacho kurasa zake zimetawanyika. Mimi nilikuwa nikikagua mwandiko wa kurasa bila kuuliza nani kashika kalamu.

Yule bwana alichukua nakala ya orodha, akaniuliza kama fomu zetu zina kisanduku cha mtoa taarifa. Nikasema sikumbuki. Si kweli kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka vizuri mno.

Siku ya 3

Muda wa saa 4 nimesimama mlangoni. Hotuba kuu ilikuwa ukumbi mwingine.

Siku ya 4

Kabla ya kufunga, kundi la wanafunzi lilikutana na watu wawili wa kamati ya ufadhili. Niliandika hoja kwenye kiganja nisije nikaropoka. Nikauliza swali la afisa wa viza: nani analipa kwanza?

Mhazini alijibu bila kukwepa, na nampa haki yake. Miaka ya nyuma walituma fedha mapema. Baadhi walinyimwa viza, mmoja alibadili mawazo, fedha hazikurudi zote, na wakaguzi wa hesabu hawakufurahi. Tangu hapo ni risiti kwanza. Chama chao ni kidogo, mhazini mwenyewe anajitolea, kazi yake halisi ni nyingine. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimejijengea picha ya jengo kubwa lenye watu wakatili.

Lakini malazi na tiketi ni jambo moja, ada ni jingine. Dada yule wa chumbani akasimama: ada wanaipokea wao wenyewe. Mwanafunzi anaikopa, anawalipa, anasubiri miezi, wanamrudishia. Fedha zinatoka kwake zinakwenda kwao zinarudi kwake, na njiani benki mbili zimekula. Kwa nini wasimfutie tu jina kwenye orodha ya wadaiwa? Asipokuja, hawajapoteza hata senti. Mhazini alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa sababu fomu ya usajili haina kitufe hicho." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini aliandika.

Mwingine akapendekeza majina ya wafadhiliwa yatangazwe kabla ya tarehe ya kulipa ada. Ni kubadili tarehe mbili kwenye kalenda. Mjumbe wa pili alieleza kwamba kamati haiwezi kukaa kabla wahakiki hawajamaliza, na wahakiki huchelewa. Hili nililiamini nusu. Nilimkumbuka mhakiki wangu wa mistari miwili. Huyo hakuwa na cha kumchelewesha.

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza kwa nini wanafunzi wa mbali wasihudhurie mtandaoni, yaishe. Kurugenzi yangu iliniuliza hivyohivyo. Andiko langu lenyewe mtu yeyote atalisoma bure kitabu kikitoka. Ila yule bwana wa kidole asingeniandikia barua pepe kuniuliza nani alisimama dirishani. Hakuwa amekuja kuniona mimi, alikuwa anapita kwenda kwenye kikao kingine.

Siku ya 5

Kurudi. Nimelala njia nzima. Vipande vya tiketi: vinne, vyote vipo.

Siku ya 3 baada ya kurudi

Nimefungua takwimu zangu za asili, zile za kabla ya kusafisha. Safu ya kumi na moja: *mtoa taarifa*. Mwenyewe / ndugu / mwingine. Nilikuwa nimeifuta wiki ya kwanza kabisa ya utafiti, na kwenye kumbukumbu za usafishaji niliandika sababu kwa mkono wangu: "haihitajiki."

Siku ya 8 baada

Uhasibu. Nilimwamkia mama wa dirishani, nikampa kifuko. Alipanga karatasi moja moja mezani kama anayepanga karata, akafika kwenye ya malazi.

"Hii si yako, mwanangu."

Stakabadhi ya hoteli ilikuwa na jina la mwenzangu. Nilieleza kuhusu kadi, kuhusu nusu taslimu. Alinihurumia kweli, nikaona usoni, lakini akaisogeza karatasi upande wangu. Kanuni inasema jina la mfadhiliwa. Chama cha mkutano nacho, nilipowaandikia, kikasema vilevile. Mwenzangu upande wake ana shida hiyohiyo kinyume chake: stakabadhi yake inaonyesha chumba chote, na kanuni inamruhusu kitanda kimoja.

Tumeiandikia hoteli itutenganishie.

Siku ya 31 baada

Hoteli imejibu. Stakabadhi mbili, majina mawili. Jina langu limekosewa herufi moja, ya kwanza. Nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akaja kuuliza kuna nini. Nimeandika tena kuomba warekebishe.

Siku ya 47 baada

Nimerudisha safu ya kumi na moja na kuendesha hesabu upya, safari hii nikiyatenga mafaili yaliyojazwa kwa kauli ya ndugu. Jozi nyingi ambazo mashine ilikuwa imezitupa kwa uhakika mkubwa ndizo hasa zimerudi. Sura ya nne yote itaandikwa upya. Mwalimu alisoma jedwali, akavua miwani, akauliza, "Hii ilikuwa kwenye andiko?" Nikamwambia hapana, ilikuwa kwenye kidole cha mtu.

Nimemwandikia yule bwana. Amejibu kwa sentensi moja na kiambatisho: fomu ya masjala aliyoitengeneza zamani, kisanduku cha mtoa taarifa kikiwa juu kabisa, kabla ya jina.

Siku ya 94 baada

Fedha zimeingia. Za chuo wiki iliyopita, za chama leo, zimepungukiwa na kile benki zilichokata, na tofauti ya tiketi haimo. Siku 60 walizoahidi zilianza kuhesabiwa upya kila karatasi iliporudi.

Nimetoa kiasi cha Mwalimu, nikakitia bahasha, nikampelekea. Hakuhesabu. Akavuta droo, akatoa kidaftari cha jalada la bluu, akakifungua mezani ili anikate jina, na safari hii nilikuwa nimesimama upande wake. Jina langu lilikuwa katikati ya ukurasa. Juu yake majina saba, sita yamekatwa. Chini yake mawili mapya, ya watoto wa mwaka wa pili.